Koti la Mpagazi

Mpagazi,

Shikamoo sikupi. Miaka kumi na tisa ulinidai shikamoo kwa kuwa umenizidi umri, na miaka kumi na tisa nilikujibu kwamba Mzaramo hamwamkii mbeba mizigo wake. Leo ningeweza kukupa, hakuna anayesikia, na bado mdomo unakataa.

Nakuandikia kutoka Tabora mjini, gesti moja jirani na stesheni. Ni asubuhi, chai imeshapoa. Jana tumemaliza arobaini yako kule Usoke. Mama yako mzima, anatembea, anakula kidogo. Bani la kukaushia tumbaku mlilolijenga pamoja limeinama upande wa magharibi, mvua imekula ukuta. Mbuzi wako mweusi amezaa pacha. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Siku ya mazishi yako nilivaa koti lako, Maganga. Nikasimama mbele ya jeneza nikasema ukweli wote, na watu wakacheka. Wamecheka mpaka wengine wakaketi chini. Hilo ndilo linalonikaba. Nataka nikueleze kwa mpangilio, maana wewe hukukubali hesabu inayoanzia katikati.

Unakumbuka nilivyoingia ofisini? Niliajiriwa kuingiza namba za wanachama wa mfuko wa pensheni kwenye kompyuta, wanachama mia nne kwa siku, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kozi ya kompyuta. Mama yangu aliuza mkaa Kisarawe, na hesabu nilizozijua nilijifunza kwa magunia na vipimo vya debe. Siku moja nikaja mlangoni kwako na karatasi, nikakwambia jumla yako ina kasoro ya shilingi elfu sita. Ukaikagua. Ukaikagua tena. Badala ya kunishukuru ukauliza, "Kwenu wapi?"

Nikasema Kisarawe.

"Mzaramo!" Ukaweka kalamu chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Ofisi imeingiliwa. Sasa nani atafanya kazi na nani atacheza ngoma?"

Sikufikiri hata sekunde. "Kazi utafanya wewe, Mnyamwezi. Babu zako si walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani? Walifika kwetu hoi, tukawauzia maji."

Ulicheka mpaka mhudumu akaja kuchungulia. Tangu siku ile ukawa mtani wangu, na bila kutangaza ukawa mwalimu wangu. Ulinitoa kwenye kompyuta ile ukanipa kiti kwenye kona ya chumba chako. Hatifungani, ile karatasi ya mkopo, sikuijua hata kwa sura. Ulinichorea mtu amebeba mzega, ndoo huku na ndoo huku. "Hii bei, hii faida. Moja ikipanda, nyingine inashuka. Akija mtu akakwambia zote mbili zinapanda, huyo anauza ndoo." Jioni nilikwenda darasani, usiku nilisoma, na kila mtihani niliofaulu ulinipa zawadi ya karanga za kukaanga kutoka kwenu, umezifunga kwenye karatasi ya taarifa ya mnada.

Nilipokuita mpagazi ulikuwa hukasiriki. Ulikubali. "Ndiyo, ni mpagazi. Na wewe nakufundisha upagazi, Tatu. Mstaafu ametukabidhi mzigo wake, tumfikishie miaka kumi mbele. Hatuufungui, hatuuli, hatuutui porini." Ukapanda, ukawa Mkuu wa Kitengo cha Hatifungani, na bado kila karatasi iliyofika mezani, iwe hatifungani ya Serikali siku ya mnada au ya kampuni yenye jengo la vioo, uliiuliza swali lile lile: "Nani atalipa, na kwa jasho gani?"

Sasa nifike pale.

Kampuni ile ya jengo la vioo ilikuja na hatifungani ya miaka kumi na riba ya kutamanisha. Hesabu nilizifanya mimi. Kwa kila shilingi ya riba iliyotakiwa kulipa, kampuni ilikuwa inaingiza senti sabini. Senti sabini! Hata muuza mkaa anajua hapo hakuna biashara. Ukaandika dokezo la kurasa tatu, ukamaliza kwa neno moja lililopigiwa mstari: Sishauri. Rasimu yenyewe ilibaki kwangu, na alama zako za penseli pembeni. Dokezo likapanda kwa Mkurugenzi.

Likarudi siku ya nne. Hakuandika kitu juu yake. Alikuita tu. Nilikuwa chumba cha pili, mlango haukufungwa vizuri, nikasikia anakwambia kwa upole kabisa, kama anayekutakia heri: "Maganga, umebakiza miaka miwili ustaafu. Ya nini kuumiza kichwa?"

Ulirudi ukakaa. Ukaandika dokezo la pili, nusu ukurasa. Nashauri. Ukasaini. Ukavaa koti lako la kahawia ingawa joto lilikuwa la kuunguza, ukasimama kwenye kona yangu. "Tatu, leo mpagazi ametua mzigo porini. Wewe hukuona kitu. Una watoto."

Nilikuchukia siku ile. Sijawahi kukwambia, nakwambia sasa kwa kuwa huwezi kunijibu kwa utani. Ungeacha kazi! Nimeipiga hesabu ile mara nyingi kuliko hesabu yoyote. Ungeacha siku ile, ungepoteza sehemu ya kiinua mgongo. Ulisaini, ukapoteza chote. Wewe uliyenifundisha kulinganisha hasara mbili na kuchagua iliyo ndogo, siku yako ilipofika ukachagua kubwa. Kwa nini? Kwa sababu ya upole wa sauti ya mtu?

Lakini na mimi nina langu.

Mwaka wa pili haujaisha vizuri, ukiwa umebakiza wiki chache, kampuni ikaacha kulipa. Kelele zikaanza. Likatafutwa jina, na kwenye jalada kulikuwa na jina moja tu. Dokezo la kwanza halikuwamo. Kila hati ya jalada lile inapewa namba moja kwa mkono, na niliona kwa macho yangu iliyokuwa kumi na nane imefutwa na kuandikwa upya kumi na saba. Mtu wa masjala alikuwa haangalii uso wangu.

Kamati ya nidhamu ikaniita. Swali lilikuwa fupi: "Uliwahi kuona dokezo lingine la Ndugu Maganga kuhusu suala hili?"

Nikajibu, "Sikumbuki."

Mimi, Maganga. Ninayekumbuka mama yangu alimkopesha nani debe la mkaa mwaka nikiwa darasa la tatu. Ulikuwa umeketi ng'ambo ya meza. Ulitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mwalimu anayemwona mwanafunzi amepata jibu. Hicho kichwa kilivyotikisika sitakisahau. Rasimu yako ilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya boksi la sahani za wageni.

Ukafukuzwa bila senti. Kiti chako nikapewa mimi. Kaimu kwanza, halafu kamili.

Ukarudi Usoke kwa mama yako. Mkeo alishatangulia, mtoto hamkujaliwa, ulikuwa mtu wa mkoba mmoja. Ulinipigia simu mara tatu tu. Ya kwanza ulikuwa bado na utani: "Nilikuwa nafunga hati, sasa nafunga tumbaku. Na tumbaku haina kamati ya nidhamu." Ya pili ulisema wastaafu wa reli waliojaa kijijini kwenu wamepokea barua. Nyongeza ya pensheni waliyoisubiri imefutwa, kutokana na hasara iliyosababishwa na aliyekuwa Mkuu wa Kitengo. Barua haikutaja jina, na Usoke haikuhitaji litajwe. Ya tatu hukutania kabisa. Ulisema mama akienda mashineni kusaga, wanawake wanasogeza magunia yao. Gunia lake linabaki peke yake kwenye foleni. "Tatu, mimi wanitukane. Lakini gunia la mama limekosa nini?"

Nikakwambia vumilia. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo.

Wiki tatu baadaye presha ikakuangusha mlangoni mwa bani.

Nilifika Usoke asubuhi ya mazishi. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, na gari, na shada la maua kubwa kuliko jeneza, na utepe: Tutakukumbuka Daima. Alikaa kwenye kiti cha mbele. Wastaafu wa reli hawakuingia uani. Walisimama nje ya ua wa miti, wazee kama ishirini, kofia zao vichwani, mbele yao Mzee Kapaya aliyefanya kazi genge moja la reli na baba yako. Ndani kulikuwa na wanawake wachache na kimya kile ambacho si cha msiba. Mama yako alikuwa chini mkekani, anatazama mikono yake.

Nikampigia magoti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Shangazi yako Kalunde ndiye aliyeinuka. Unamjua, sauti yake inasikika mpaka stesheni. "Haya! Mnyamwezi anazikwa bila mtani? Amekuwa mbuzi huyu? Mzaramo si huyu hapa, amejifunika khanga kama mwenye haya!" Akaingia ndani akatoka na koti lako la kahawia, akanirushia. "Vaa. Fanya kazi yako. Kijana wetu asiondoke kama gunia."

Nikavaa. Mikono ikanizidi, mabega yakaanguka. Mfukoni mlikuwa na maganda ya karanga. Nikasimama katikati ya ua, nikatembea mwendo wako, ule wa kuegemea kulia tangu ulipoanguka na baiskeli. Nikashusha miwani ya jua puani nikawatazama kwa juu yake. "Nani atalipa," nikasema kwa sauti yako, "na kwa jasho gani?"

Mama mmoja akacheka, akaziba mdomo. Halafu wa pili. Huko nje ya ua nikamsikia mzee mmoja anasema, "Ni yeye kabisa, mshenzi huyu Mzaramo!"

Watu walikuwa wanahitaji kucheka, mtani. Niliona kama njia imefunguka. Nikafikiri: hapa sasa. Hapa mtani hashitakiwi, mtani hanyamazishwi, hata katekista amefunga kitabu chake anasubiri. Sitapata tena siku kama hii. Nikaenda nikalala kifudifudi mbele ya jeneza.

"Mpagazi hatoki! Ana barua mbili hajazikabidhi!"

"Zisome!" wakapiga kelele.

Nikainuka. "Ya kwanza! Kurasa tatu! Mimi Maganga, kwa akili yangu timamu, nasema msinunue karatasi ya hawa watu. Kwa shilingi wanaingiza senti sabini. Sishauri!"

"Eeeh!"

"Ya pili! Nusu ukurasa! Imeandikwa na mkono wangu, lakini mdomo ni wa bwana yule pale mwenye shada!" Nikamnyooshea kidole Mkurugenzi. "Ameniambia, Maganga, umebakiza miaka miwili, ya nini kuumiza kichwa? Nikaogopa kama kuku. Nikasaini! Na ile ya kwanza wameila, wameimeza masjala, namba kumi na saba haipo! Na Mzaramo wangu walipomuuliza kama ameiona, akasema, sikumbuki!"

Nilisema kila kitu. Kila kitu, Maganga. Nikajitaja na mimi mwenyewe. Na walicheka. Ua mzima. Wazee wa nje wakaingia ndani ili wasikie vizuri, wameshikana mabega. Mkurugenzi ndiye aliyecheka kuliko wote. Alitoa kitambaa akajifuta macho, akainuka, akaja mpaka nilipokuwa, akanishikisha noti mbili za elfu kumi kiganjani mbele ya watu wote. "Mtani umeua! Shika ada yako, shika. Sasa mpishe marehemu."

Nikazipokea.

Sijui kwa nini. Mkono ulifunguka wenyewe. Mtani akilipwa ada anaondoka njiani, ndivyo tulivyolelewa, wewe na mimi. Nikaondoka njiani, jeneza likapita. Mzee Kapaya alinipa mkono njiani kwenda makaburini. "Mzaramo, Mungu akubariki. Sisi tulikuja kumzomea."

Mtu mmoja tu hakucheka, mama yako. Jioni, watu wakisonga ugali, alinivuta pembeni ya jiko. "Tatu. Yale ya barua mbili. Ni utani?"

Nikawaza watoto. Nikawaza kiti. Nikamwona Mkurugenzi anawasha gari.

"Utani, mama," nikasema.

Akaitikia, "Haya." Akarudi mkekani.

Kwa hiyo nimekukana mara mbili, na mara ya pili nimekukana nikiwa nimevaa koti lako.

Ofisini likawa hadithi. Mkurugenzi alilisimulia kantini, na kwenye mkutano wa wafanyakazi, mbele yangu: "Tatu alivyonivua nguo Usoke! Eti namba kumi na saba!" Watu wanapiga meza. Ndipo nilipoelewa jinsi nilivyomfanyia kazi nzuri. Kama kesho ningesimama nikasema kweli, wangecheka tena wakingoja koti. Maneno yale nilikuwa nimeyatumia, na nimeshalipwa. Elfu ishirini. Kwa shilingi elfu ishirini nilikuwa nimemuuzia ukweli wako wote, na risiti yake ni kicheko.

Noti zile sikuzitumia. Zilikaa ndani ya daftari langu la mnada, na kila nilipolifungua zilikuwa zinanitazama. Siku ya ishirini na sita baada ya mazishi yako, nilikuwa napiga hesabu ya kitu kingine kabisa, nikasimama. Nikajiuliza swali la mtoto: mtani akirudisha ada, maneno yake yanakuwa nini?

Nilimpigia shangazi Kalunde. Nilimuuliza kama mchezo. Sauti yake ile ikashuka. Halafu akasema, "Sijawahi kusikia mtani kurudisha. Akirudisha, si hakutania?"

Asubuhi iliyofuata nikalitoa boksi la sahani. Nikaandika maelezo yangu kwa mkono, ukurasa mmoja. Niliulizwa, nikasema sikumbuki. Nilikumbuka. Nikaambatanisha fotokopi ya rasimu yako na alama zako za penseli, yenyewe nikabaki nayo, nikapeleka kwa wakaguzi wa hesabu za mfuko, nikasubiri wapige mhuri wa kupokea. Kisha nikapanda ghorofani kwa Mkurugenzi, nikaweka noti mbili juu ya meza yake.

"Hii nini?"

"Ada ya utani ya Usoke, bosi. Nairudisha."

Yeye si Mzaramo wala Mnyamwezi, lakini ni mtu wa nchi hii. Niliona tabasamu linaanza, halafu likasimama njiani. Akazisukuma noti kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mdudu. "Chukua hela yako, Tatu. Usiniletee uchawi ofisini."

Nikazichukua. Alasiri ile ile nikapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa nusu mshahara. Nimeshakokotoa: nitafika mwezi wa saba kama mtoto wa pili akihamia shule ya Serikali na kama sitaugua. Usiniulize baada ya hapo.

Basi jana. Uani kwenu watu walijaa kuliko siku ya mazishi. Walisikia Mzaramo anakuja. Wastaafu walileta na vigoda vyao. Shangazi alikuwa ameshalitoa koti, limepigwa pasi, amelitundika mlangoni. Watoto walikuwa wananicheka kabla sijafungua mdomo.

Sikulivaa. Nikasimama na gauni langu, nikatoa noti mbili, nikaziweka chini kwenye mkeka wa mama, mbele ya wazee.

"Hii ndiyo ada niliyopewa siku tunamzika Maganga," nikasema. "Aliyenipa amekataa kuipokea. Nairudisha kwenu."

Walicheka kidogo, wa nyuma. Halafu nikaona kicheko kinakatika safu moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia mbuzi wako anatafuna. Nikatoa rasimu nikaisoma neno kwa neno, hata yale ya kitaalamu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Nikasoma na maelezo yangu. Nikakaa chini.

Mzee Kapaya alisubiri. "Malizia basi, mtani," akasema, na sauti ilikuwa inaomba.

"Sina mwisho wa kuchekesha, mzee."

Akavua kofia. Nilidhani anakuheshimu wewe. Alikuwa anajikuna tu. "Kwa hiyo nyongeza yetu hairudi."

"Hairudi leo. Sijui kama itarudi."

"Tulikuwa na mtu wa kumlaani," akasema. "Sasa na huyo umetunyang'anya." Akainuka, akabeba kigoda chake, akaondoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Sikupigiwa makofi, Maganga, kama ndivyo ulivyokuwa unadhani huko.

Mama yako aliiomba karatasi. Hajui kusoma, unajua. Aliipapasa pale penseli ilipobonyeza. "Alikataa," akasema.

"Alikataa, mama."

"Halafu akakubali."

Ningeweza kumwongezea maneno. Ulivyobanwa, ulivyobakiza miaka miwili, ulivyonilinda mimi. Nilinyamaza, kwa sababu amepiga hesabu sahihi na haina kasoro hata ya senti. Akaikunja karatasi akaitia kwenye pindo la khanga yake, akafunga fundo. Noti mbili aliziacha palepale mkekani. Mpaka naondoka hakuna aliyezigusa, hata watoto.

Leo alfajiri, kabla sijapanda gari la kuja mjini, nilimsindikiza mama yako mashineni. Nilimbebea gunia mimi, kichwani, na ungeniona ungenitukana mpaka jioni: Mzaramo amekuwa mpagazi. Nikalitua kwenye foleni. Wanawake walikuwapo sita. Hakuna aliyemsalimu. Lakini nilihesabu, si unanijua. Magunia yaliyosogezwa yalikuwa matano.

Jumatatu nakaa mbele ya wakaguzi. Wataniuliza swali lile lile, na Mkurugenzi atakuwa ng'ambo ya meza, kwenye kiti ulichokaa wewe. Koti lako nimeliacha Usoke, limetundikwa mlangoni. Nimemwambia shangazi asimpe mtu. Siku yangu ikifika hakuna Mnyamwezi wa kunivalia gauni langu na kuniigiza, umeniponza hapo pia, nitazikwa kama gunia. Basi.

Nimeshakusamehe kwa dokezo la pili? Bado. Niulize mwakani, nitakuja Usoke wakati wa kufunga tumbaku, nitamsaidia mama yako, na mbuzi mmoja katika wale pacha ni wangu, nimeshamchagua.

Ila la Jumatatu nakuahidi. Wakiniuliza, nitakumbuka. Ukurasa kwa ukurasa, senti kwa senti, na sauti iliyopita mlangoni.

Tua sasa, mpagazi. Hapa ulipofika ni kwenu.

Mzaramo wako,
Tatu